Mbwa wa Jirani Akibweka Usiku Kucha: Hatua za Kufuata Kabla ya Ugomvi

Kelele za mbwa huwakosanisha majirani wengi mitaani. Nyingi humalizika kwa mazungumzo ya ua kwa ua. Yasipofua dafu, zipo ngazi za kisheria za kupanda, na sumu si mojawapo.

Katika miji na vituo vingi vya biashara, nyumba zimesogeleana kuliko zamani. Shamba la ekari mbili limekatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Palipokuwa na familia moja na mbwa mmoja, leo pana wapangaji kumi na wawili, kuku, pikipiki na mbwa wanne. Mbwa hakubadilika. Kilichobadilika ni umbali kati ya mnyororo wake na kitanda cha jirani.

Anayeumia ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mtahiniwa wa KCSE anayejaribu kudurusu, mama aliyejifungua juzi, au mzee mwenye shinikizo la damu ambaye daktari amemwambia apumzike. Upande wa pili wa ua yuko mwenye mbwa, aliyeibiwa mbuzi au televisheni, asiyeona sababu ya kukinyamazisha kitu pekee kinachomlinda. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana jambo hili huwaka haraka likiachwa bila utaratibu.

Makala haya yanaeleza kwa nini mbwa hubweka kupita kiasi, mwenye mbwa anaweza kufanya nini, jirani anayesumbuka aanzie wapi, na sheria inasemaje.

Jukumu la kaunti

Wakazi wengi hudhani kelele za mbwa ni jambo la polisi peke yake, au ni jambo lisilo na mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ilishalipatia mwenyewe. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa.

Kwa hiyo mbwa anayebweka usiku kucha anaangukia idara mbili kwa wakati mmoja. Kelele humhusu afisa wa afya ya umma na maafisa wa mazingira. Mbwa mwenyewe, yaani afya yake, chanjo yake na namna anavyofugwa, humhusu daktari wa mifugo. Mkazi anayejua hilo hapotezi siku nzima akizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Mbwa anayebweka kila saa halindi mtu

Hoja inayotolewa mara nyingi na wenye mbwa ni usalama. Ni hoja ya kweli, kwani mbwa wengi hapa nchini hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Lakini hoja hiyo ina upande ambao haufikiriwi.

Mlinzi anayepiga filimbi kila dakika tano hasikilizwi na mtu siku mwizi anapokuja. Mbwa naye ni vivyo hivyo. Akimbwekea kila mpita njia, kila paka, kila pikipiki na kila jani linaloanguka kwenye mabati, majirani hujifunza kumpuuza. Mwenyewe pia humpuuza, akajifunika blanketi na kugeukia upande wa pili. Usiku ambao mbwa huyo amemwona mtu akiruka ua, sauti yake ni ile ile ya kila usiku, na hakuna anayewasha taa.

Mbwa anayelinda vizuri ni yule anayenyamaza wakati hakuna jambo na kubweka wakati lipo. Akibweka, nyumba tatu huamka pamoja na kuchungulia. Kwa hiyo mwenye mbwa anayetafuta dawa ya kelele si kwamba anauza usalama wake ili kumfurahisha jirani. Anaurudisha usalama uliokuwa umekwisha kupotea.

Kwa nini mbwa hubweka kupita kiasi

Mbwa habweki ili kumkera mtu. Hubweka kwa sababu fulani, na sababu ikijulikana, nusu ya kazi imekwisha. Zinazojitokeza zaidi ni hizi:

Upweke na kuchoka kukaa bure. Huyu ni mbwa anayefungwa mnyororo asubuhi na kuachwa peke yake hadi jioni. Hubweka kwa mfululizo, kwa sauti ya aina moja, hata pasipo na mtu njiani.

Ulinzi wa eneo. Mbwa huyu hubweka anapoona au kusikia mtu akipita. Ua wa waya au lango lenye matundu humfanya aone kila kitu, na kila anayepita huwa ni mgeni wa kufukuzwa. Mpita njia anapoenda zake, mbwa huamini ni yeye aliyemfukuza, na kesho hubweka kwa bidii zaidi.

Hofu. Radi, fataki, mlio wa risasi au kelele za karamu humtia mbwa woga. Mbwa aliyewahi kupigwa huogopa hata sauti za watu wanaozungumza kwa ukali.

Njaa, kiu, baridi na maradhi. Mbwa asiye na maji, anayelala kwenye matope, mwenye viroboto au kidonda sikioni hawezi kutulia. Mbwa mzee aliyeanza kupoteza uwezo wa kuona au kusikia naye hubweka usiku kwa kuchanganyikiwa.

Uzazi. Jike likiwa katika kipindi cha kutafuta dume, madume wa mtaa mzima hukusanyika langoni. Kelele za usiku huo si za mbwa mmoja.

Kuitikia wenzake. Mmoja akianza, mtaa mzima huitika. Mbwa anayelaumiwa huenda si yeye aliyeanzisha.

Iko dalili moja ambayo haifai kupuuzwa. Mbwa aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, sauti yake ikakwaruza, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza au akawa mkali bila sababu, huenda ana kichaa cha mbwa. Asisogelewe, asishikwe, na daktari wa mifugo aarifiwe mara moja.

Mwenye mbwa huwa wa mwisho kujua

Mbwa mwenye upweke hubweka mwenyewe akiwa kazini, na hunyamaza anaposikia hatua zake langoni. Jioni jirani anapolalamika, mwenye mbwa humtazama mnyama aliyelala kimya miguuni pake na kuamini kwamba anasingiziwa. Ugomvi mwingi huanzia hapo, na kumbe hakuna aliyesema uongo.

Njia rahisi ya kuukata ubishi huo ni kuacha simu nyumbani ikirekodi sauti kwa saa moja au mbili baada ya mwenyewe kuondoka. Kisha asikilize. Atajua kama mbwa hubweka, kwa muda gani, na kama kuna kitu kinachomchokoza.

Akishajua, hatua nyingi za kurekebisha hazihitaji pesa nyingi:

Mbwa atembezwe au aachwe akimbie ndani ya ua kwa angalau nusu saa asubuhi na jioni. Mbwa aliyechoka hulala.

Mnyororo mfupi wa mchana kutwa uondolewe. Ikiwa hapana budi kumfunga, ifungwe waya ndefu kati ya nguzo mbili ili mnyororo utembee juu yake, naye apate nafasi ya kuzunguka.

Kibanda kihamishwe mbali na ukuta wa jirani. Mita kumi zaidi kutoka kwenye dirisha la chumba cha kulala hupunguza kelele kwa kiasi kinachosikika.

Sehemu ya ua inayotazama njia izibwe kwa mabati, mbao, makuti au kichaka cha kupanda, ili mbwa asimwone kila mpita njia.

Apewe chakula na maji ya kutosha jioni. Mfupa mkubwa mbichi wa kuguguna humshughulisha kwa saa nzima. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitumike, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kuweza kumjeruhi tumboni.

Usiku alazwe ndani ya kibanda chenye paa, au barazani karibu na mlango. Mbwa aliye karibu na watu wake huwa na hofu kidogo, na bado atasikia mgeni.

Asikemewe kwa kelele. Mtu akipiga mayowe dirishani, mbwa huona mwenyewe naye ameungana naye kubweka. Kinachofaa ni kumwita kwa sauti ya chini, kungoja anyamaze, kisha kumpa kipande cha chakula au kumpapasa. Baada ya wiki chache huelewa kwamba kunyamaza ndiko kunakoleta zawadi.

Ahasiwe. Upasuaji huu hufanywa na daktari wa mifugo kwa dume na jike. Hupunguza makundi ya madume langoni, kuzurura, mapigano ya usiku na watoto wa mbwa wasiotakiwa.

Kumfunga mbwa mdomo kwa kamba au waya si njia mojawapo. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema mdomo wazi. Akifungwa mdomo kwenye jua anaweza kufa, na mwenyewe akashtakiwa kwa ukatili.

Jirani anayesumbuka aanzie wapi

Kabla ya kupiga simu popote, jirani ajiulize swali moja: je, mwenye mbwa anajua? Mara nyingi jibu ni hapana. Watu hukaa na hasira miezi mitatu, wakaisimulia kwa kila mtu dukani, isipokuwa kwa mtu mmoja anayeweza kuiondoa.

Mazungumzo ya kwanza yafanyike ana kwa ana, mchana au jioni mapema, si saa nane za usiku mbwa anapobweka na damu imechemka. Yasifanyike mbele ya watoto wala mbele ya wapangaji wengine, kwani mtu akiaibishwa hujitetea badala ya kusikiliza. Maneno yasimshtaki mtu. Kwa mfano:

"Mama Kevo, hodi. Habari za jioni? Nimekuja kwa wema tu. Sijui kama unajua, ukishatoka kwenda kazini Simba hubweka hadi mchana. Mimi wiki hii niko zamu ya usiku, na huo ndio wakati wangu wa kulala. Nimeona tuongee tuone tutafanyaje."

Mlalamishi hapo amesema jambo linalotokea, limemwathiri vipi, na ameacha mlango wazi. Mama Kevo anaweza kujibu, "Pole sana, baba Amina, sikujua. Nitamhamishia nyuma ya nyumba tuone." Anaweza pia kukasirika. Akikasirika, mlalamishi aage kwa heshima na arudi siku nyingine. Wiki mbili ni muda wa haki wa kungoja mabadiliko, kwani mbwa hafundishwi kwa siku moja.

Asiyeweza kuzungumza ana kwa ana anaweza kuandika barua fupi yenye jina lake. Barua isiyo na jina huzua shuku dhidi ya mtaa mzima. Kumwanika jirani kwenye kundi la WhatsApp la mtaa nako hakusaidii, kwani mbwa anaendelea kubweka na sasa watu arubaini wamepata la kusema.

Andika kila usiku

Mazungumzo yasipozaa matunda, hatua inayofuata ni kuweka kumbukumbu. Daftari la shule linatosha. Kwa muda wa siku kumi na nne, mlalamishi aandike tarehe, saa kelele zilipoanza, saa zilipokoma, na kama kulikuwa na sababu iliyoonekana, mfano mtu kupita au mbwa wengine kubweka. Aandike pia tarehe aliyozungumza na mwenye mbwa na walichokubaliana.

Rekodi ya sauti kwa simu inasaidia, mradi irekodiwe kutoka kwa boma la mlalamishi mwenyewe. Kuingiza kamera juu ya ua na kupiga picha maisha ya jirani ni jambo jingine, kwani Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu.

Kumbukumbu hizi zina faida mbili. Ya kwanza, afisa anayepokea malalamiko huwa na kitu cha kufuatilia. Kauli ya "hubweka kila wakati" haimsaidii, lakini "Jumanne saa sita usiku hadi saa tisa na robo" humwambia afike lini. Ya pili, wakati mwingine daftari humwonyesha mlalamishi kwamba kelele ni za dakika kumi kila alfajiri, muuza maziwa anapopita, na kwamba hasira yake ilikuwa imezifanya kuwa za usiku kucha.

Ngazi za kupanda

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Malalamiko yaanzie karibu, yapande ngazi moja baada ya nyingine.

Kwanza, katika nyumba za kupanga, ni msimamizi wa ploti au mwenye nyumba. Mikataba mingi ya upangaji ina kifungu kinachohusu wanyama na utulivu wa wapangaji. Katika majengo ya ghorofa yenye wamiliki wengi, Sheria ya Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaliruhusu shirika la wamiliki kuwa na kanuni zake. Hizo ndizo za kusomwa kwanza.

Pili ni wazee wa mtaa au kamati ya Nyumba Kumi. Hawa wanawajua wote wawili na wanaweza kuwakalisha chini. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza migogoro itatuliwe kwa upatanisho na njia nyingine mbadala.

Tatu ni ofisi ya naibu wa chifu au chifu. Ofisi hii iko chini ya Serikali ya Kitaifa, si ya kaunti. Nayo si mahakama. Kazi yake hapa ni kupatanisha, na makubaliano yanayofikiwa yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Nne ni Serikali ya Kaunti. Malalamiko hupelekwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi au moja kwa moja kwa afisa wa afya ya umma, yakiambatanishwa na nakala ya daftari. Iwapo mbwa anaonekana mgonjwa, hana chanjo, anateswa au anazurura, daktari wa mifugo wa kaunti ndogo aarifiwe pia. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, nayo hupokea malalamiko ya kelele.

Polisi waitwe wakati kuna hatari: vitisho, mapigano, mtu kuumwa na mbwa, au mnyama kuwekewa sumu. Anayepiga ripoti ahakikishe amepewa nambari ya OB.

Mwisho ni mahakama. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu anayeona haki hiyo imevunjwa kwenda mahakamani. Ni njia halali, lakini ni ndefu. Na kesi ikimalizika, majirani hao wawili bado watakuwa wakichota maji kwenye bomba moja.

Sheria hupimaje kelele

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira zinakataza kelele kubwa, zisizo za lazima au zisizo za kawaida zinazosumbua au kuhatarisha starehe, mapumziko, afya au usalama wa wengine. Katika kuamua, yanatazamwa mambo kama saa ya siku, ukaribu wa makazi, kama kelele ni za kujirudia au za mfululizo, ukubwa wake, na kama zingeweza kudhibitiwa bila juhudi au gharama kubwa.

Jambo hilo la mwisho lina uzito. Mwenye mbwa ambaye angeweza kuhamisha kibanda hadi upande wa pili wa boma na hakufanya hivyo yuko katika hali tofauti na yule aliyejaribu kila njia.

Kanuni hizo pia zinaweka viwango. Katika maeneo ya makazi, kiwango cha nje ya nyumba ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Usiku kwa kanuni hizi huanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kama mnong'ono, na mbwa akibweka karibu na dirisha hupita kiwango hicho mara moja. Hata hivyo, hakuna afisa atakayemchukulia hatua mtu kwa sababu mbwa wake alibweka mara mbili mgeni alipobisha hodi. Kinachotafutwa ni kelele za kujirudia ambazo mwenyewe amearifiwa na hakufanya lolote. Programu za simu za kupimia sauti hutoa makadirio tu. Upimaji wa kisheria hufanywa kwa kifaa maalumu.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inagusa mahali wanyama wanapofugiwa. Kibanda kichafu, chenye uvundo, au kilichowekwa mahali panapohatarisha afya ni kero. Afisa anaweza kumpa mwenyewe ilani ya kuondoa kero hiyo katika muda uliowekwa, na akikaidi hufikishwa mahakamani.

Sumu ni kosa, na haimchagui mbwa

Wako wanaochoka na kurusha kipande cha nyama juu ya ua usiku. Hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama na kumlisha sumu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, nayo inafanya kuwa kosa kuua au kulemaza kwa makusudi mnyama wa mtu mwingine.

Hatari yake haiishii kwa mbwa. Sumu inayotumiwa mara nyingi ni dawa ya kuua wadudu wa shambani, ambayo kiasi kidogo chake huweza kumuua mtu. Kipande cha nyama kilichotupwa gizani huweza kuokotwa na paka, kuku, kunguru, au mtoto anayecheza uani asubuhi. Anayeuweka mtego huo hawezi kujua nani ataukuta kwanza.

Na kuna hasara isiyo ya kisheria. Mbwa mmoja akifa kwa sumu, kila mwenye mbwa katika mtaa huo huanza kumshuku jirani yake. Watu waliokuwa wakiazimana jembe na kuangaliana watoto hukoma kusalimiana. Mwizi akija mwezi unaofuata, huukuta mtaa usio na mbwa wala majirani.

Mkazi anayeshuku mbwa wake amelishwa sumu ampeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa, na asiguse mabaki ya chakula kwa mikono mitupu. Mzoga usitupwe jalalani wala mtoni. Ufukiwe katika shimo refu, mbali na kisima.

Leseni na chanjo

Anayefuga mbwa ana wajibu wa kumsajili kulingana na sheria za kaunti na kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kuanzia akiwa na umri wa miezi mitatu. Binadamu wanaopata kichaa cha mbwa karibu wote huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ugonjwa huu huua. Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Cheti cha chanjo kina kazi hata katika malalamiko ya kelele. Kinaonyesha kwamba mbwa ana mwenyewe anayewajibika, na jirani anayekiona hutulia kidogo. Mbwa asiye na cheti, anayebweka usiku na kuzurura mchana, humweka mwenyewe mahali pagumu mbele ya afisa yeyote.

Aliyeumwa na mbwa, hata kama ni wa jirani anayejulikana, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kwa ufupi

1. Mwenye mbwa: chunguza sababu ya kubweka, mtembeze, hamisha kibanda, mchanje na umhasi. Jirani akija kulalamika, mshukuru kwamba amekuja kwako kwanza.

2. Jirani: zungumza ana kwa ana na kwa heshima, kisha toa wiki mbili.

3. Hali isipobadilika, andika daftari la siku kumi na nne.

4. Panda ngazi: mwenye nyumba, wazee wa mtaa au Nyumba Kumi, chifu, kisha ofisi ya wadi na afisa wa afya ya umma.

5. Mbwa mgonjwa, anayeteswa au asiye na chanjo: mjulishe daktari wa mifugo wa kaunti ndogo.

6. Vitisho, mapigano, kuumwa au sumu: piga ripoti polisi na uchukue nambari ya OB.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumhamisha mbwa mita kumi leo ni kazi ya nusu saa. Kuwapatanisha majirani waliofikishana mahakamani ni kazi ya miaka.